Mwanadamu ni wa Kumtegemea

Usimtegemee mwanadamu. Utaisikia kauli hii katika mahubiri ya Jumapili, utaisoma nyuma ya bajaji pale Tabora mjini, na utatumiwa kwenye simu na mtu aliyegombana na nduguye jana. Imepewa heshima ya Neno la Mungu. Mimi nasema kwamba, kwa jinsi tunavyoitumia, ni fundisho baya, na Wakristo tuliache.

Wanaoipenda hukimbilia Yeremia sura ya 17. Basi waisome yote. Nabii anamkemea aliyeweka tegemeo lake lote katika nguvu za binadamu huku moyo wake umemwacha Mungu. Hamkemei mgonjwa anayebisha hodi kwa jirani. Kijito alichokinywea Eliya kilipokauka, Mungu alimwelekeza Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na unga kidogo na mafuta kidogo. Angeweza kumshushia mkate. Alimpeleka kwa mtu, tena maskini.

Na kama kuna mahali ambapo kauli hii haina pa kusimama, ni hapa Unyamwezi. Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo Juni 1878 wakiwa kumi. Padre Pascal alifia njiani. Wenzake walifika Tabora baada ya miezi kadhaa, ndipo wakagawana: kundi moja likaelekea Ujiji, jingine Buganda. Nani aliwafikisha? Wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Nani aliwapa maji kule Ugogo? Wenye visima, kwa ridhaa yao. Kanisa tunalosali leo lilibebwa mabegani mwa watu ambao wengi wao hawakuwa hata wamebatizwa.

Wapagazi wenyewe nao walitegemeana. Mnyamwezi hakwenda pwani peke yake. Alikwenda na wenzake wa kambi, waliopika pamoja na kula pamoja. Akifia ugenini, alikuwa na watani. Mzaramo aliyemtania na kumtukana jana ndiye aliyewajibika kumzika leo.

Najua nitakachojibiwa: njia hiyohiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu, na aliyemfunga mtu minyororo alikuwa mwanadamu. Ni kweli, na sitaipunguza kweli hiyo. Lakini mtazameni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu miaka ya 1860, akaibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema binadamu hafai, ni huyu. Badala yake akawa mtu wa kutegemewa na kijiji kizima.

Sasa tazameni fundisho hili linavyofanya kazi kwetu. Katika jumuiya moja ndogondogo nilikaa na mama ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete. Tulisali, kapu la sadaka likazunguka, naye akatumbukiza sarafu yake na kunyamaza hadi sala ya mwisho. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, na kuacha godoro lake rehani. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kuwa hakutaka kutegemea wanadamu. Lakini mkopeshaji alikuwa nani, malaika? Alimtegemea mwanadamu vilevile, ila yule anayetoza riba. Na aliyemfundisha kuona haya mbele yetu ni sisi.

Fundisho hili linamfaa sana mwenye nacho. Akimwambia mwenye njaa "mtegemee Mungu", amefunga pochi yake kwa maneno matakatifu, na bado anaitwa mcha Mungu. Tunapenda kutoa, maana kutoa kunatangazwa kanisani. Kupokea tumekugeuza aibu. Lakini fungua daftari la msiba wowote hapa Tabora: fulani elfu tano, fulani debe la mahindi, fulani mzigo wa kuni, mama fulani kupika siku mbili. Hakuna familia ambayo haijawahi kuandikiwa. Paulo alipochangisha Makedonia na Akaya kwa ajili ya Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho waziwazi kuwa anayetoa leo kesho anaweza kupungukiwa, na ziada ya mwenzake itamfaa.

Wachungaji, mapadre na makatekista, acheni kuirudia kauli hii madhabahuni bila kuifafanua. Viongozi wa jumuiya, kabla kapu halijazunguka, ulizeni kwanza nani ana shida wiki hii, kisha subirini ajibu. Nawe msomaji, ukiwa ndiye mwenye shida, sema.