Ikweta ni yetu, stori za angani ni za nani?

Ukitoka Meru tao kuelekea Nkubu utapita kibao cha Ikweta. Watalii hushuka, hupiga picha, huenda zao. Sisi tunakipita kwa matatu bila hata kuinua macho. Lakini juu ya mstari huo, takriban kilomita 36,000 angani, ndiko zinakokaa setilaiti nyingi za televisheni. Zinazunguka sambamba na dunia, na ndiyo maana dishi la jirani likishafungwa vizuri kwa paa halihitaji kugeuzwageuzwa.

Kutoka huko juu inashuka mechi ya Arsenal inayojaza baa za Makutano na Embu mjini wikendi. Zinashuka tamthilia za Mexico na Ufilipino, sinema za Nigeria, na miziki tunayoimba bila kuelewa nusu ya maneno. Fiti kabisa. Sasa jiulize, msomaji: ni stori ngapi za Maua, Runyenjes au Siakago zimewahi kupanda huko juu zikashuka Manila au Lagos?

Ubishi huu ni wa kitambo. Kenya ilifungua kituo chake cha setilaiti cha Longonot mwaka wa 1970. Mwaka wa 1976 UNESCO ilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, na nchi changa zikalalamika kwamba habari na picha zinatoka kwa matajiri kuja kwa maskini, na hazirudi. Tume ya Seán MacBride ikatoa ripoti kuhusu jambo hilo mwaka wa 1980. Waliozaliwa mwaka huo sasa wana watoto wanaobishana kuhusu Arsenal, na mto bado unateremka upande ule ule.

Wazee wengi hulaumu dishi. Eti TV imeharibu vijana. Hapo tunakataa. Dishi ni bomba tu, linaleta kilichomiminwa ndani. Tena teknolojia imetufungulia mlango. Zamani za analogi, kila stesheni ilihitaji masafa yake, na masafa yalikuwa machache. Tulipohamia dijitali mwaka wa 2015, masafa yaliyokuwa yakibeba stesheni moja yakaanza kubeba kadhaa. Nafasi ikapatikana kwa lugha za nyumbani, na leo Weru TV na Baite TV zinatangaza kwa Kimeru. Waembu nao wana redio yao, Wimwaro FM.

Kinachotukwamisha ni pesa. Tamthilia ya Mexico ikifika huku, gharama yake ilisharudi kwao kitambo, kwa hivyo inauzwa bei ambayo kikundi cha waigizaji wa Embu hakiwezi kushindana nayo. Kanuni za utangazaji zinataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini, lakini "humu nchini" mara nyingi huishia Nairobi, kwenye jumba la kifahari lenye ngazi za kioo. Mmeru akitokea hapo, ni soldier wa geti mwenye hasira za karibu, analetwa ili lafudhi yake ichekwe. Msee wa Kisumu ambaye hajawahi kufika Maua anatujua hivyo. Hapo ndipo tunapoumia, kwa sababu asiyejisimulia husimuliwa.

Na stori tunazo, manze. Musa Mwariama, jenerali wa Mau Mau kutoka Meru, alikaa msituni hadi uhuru ulipofika mwaka wa 1963, Waingereza wasimpate. Angekuwa wa Hollywood, saa hii tungekuwa tunangoja sehemu ya nne. Huko Embu, mabwawa ya Tana kama Gitaru na Kiambere yanazalisha stima inayowasha TV za nchi nzima. Ni nani amewahi kuwasha kamera akawauliza wazee wa Mbeere mto ule ulikuwaje kabla ya mabwawa?

Wachina walishapiga hesabu hii. Mwaka wa 2011 tamthilia yao kuhusu msichana Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa Tanzania ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda. Hawakungoja tujifunze Kichina. Walitafsiri, wakalipa, wakatufikia sebuleni.

Kwa hivyo tunasema hivi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya utamaduni na burudani za umma, sinema na maonyesho ya video yakiwemo. Kaunti za Meru na Embu ziache kudhani utamaduni ni kuita wachezaji ngoma wamkaribishe mgeni rasmi, wapewe soda, waende nyumbani. Zitenge pesa za filamu kila mwaka, zishindaniwe hadharani, na vijana walipwe kwa wakati. Stesheni zetu nazo zinunue kazi hizo badala ya kuomba ziletewe bure. Na kila filamu ya Kimeru au Kiembu iandikwe maneno ya Kiswahili chini, ndipo mtu wa Kisumu, Mwanza au Goma aifuate bila shida.

Nasi watazamaji tuna deni letu. Kama tunapata pesa ya kuona Arsenal ikipigwa, hatuwezi kukosa mia moja ya kuona filamu ya msee wa Runyenjes.