Baridi, chuma na desa letu la kurithi

Nilipotea kidogo, TP ilinibana kisawasawa. Nimerudi chuo, bumu bado halijaingia, na kuna jambo limenikaa kooni. Leo hakuna umbea wa hosteli. Leo nagombana na nyie walimu watarajiwa wenzangu, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kwenye foleni ya kusemwa.

Mnalijua lile desa la fizikia tunalorithishana mwaka hadi mwaka? Lina mstari mmoja unasema baridi kali huongeza ugumu wa chuma, kwa hiyo kifaa huchelewa kulika. Basi. Nikaubeba ulivyo, nikaubandika ubaoni kidato cha tatu. Dogo mmoja, mjomba wake seremala, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hata friza ya barafu za kuuza?" Nikajibu kifua mbele: ndiyo, hata hiyo.

Dogo akachukua kisu cha randa cha mjomba wake, akakilaza kwenye friza wiki nzima. Kikatoka kilivyoingia. Darasa zima likamcheka yeye. Na mimi nikacheka nao. Hicho kicheko ndicho kinaninyima usingizi, wadau.

Niliporudi huku nikamganda jamaa yangu wa uhandisi, nikasoma. Kumbe mstari ule una mashimo matatu.

Shimo la kwanza: baridi ipi? Friza ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu kavu ni 78 chini ya sifuri. Wanaotibu vyuma kwa baridi kali hasa wanatumia naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri! Mimi nikamtuma mtoto kwenye friza ya barafu.

Shimo la pili: chuma kipi? Chukua chuma cha zana kama D2, chenye kaboni kama asilimia 1.5 na kromiamu kama 12. Ukikipasha moto mkali kisha ukakipoza haraka, umbile lake la ndani linaloitwa ostenaiti, ambalo ni laini, linageuka kuwa martensaiti, ambayo ni ngumu. Ila haligeuki lote, kwa sababu mageuzi hayo yanakamilikia kwenye baridi kuliko ya chumbani. Sasa baridi kali inakuja kumalizia kazi. Mwaka 1982 Mmarekani Randall Barron alichapisha majaribio ya aina 19 za metali. Vyuma vya zana vilipata faida, na vilivyoshushwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri vilizidi vile vilivyoishia 84. Vyuma visivyoshika kutu vilipata kidogo sana. Chuma cha kaboni cha kawaida hakikuambulia kitu.

Shimo la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Ugumu wenyewe mara nyingi unapanda kidogo tu, lakini uwezo wa kutolika unaweza kupanda sana. Yaani ile "kwa hiyo" ya kwenye desa haisimami! Watafiti wa Japani mwaka 1994 walieleza kwamba chuma kikitoka kwenye baridi hiyo kisha kikapashwa moto upya, chembe ndogo sana za kabaidi hujitokeza kwa wingi na kusambaa ndani yake. Hizo ndizo zinazosaidia kukilinda kisilike. Na huo moto wa baadaye si wa kuruka, maana martensaiti mpya ni rahisi kumeguka. Hata muda una kipimo: mwaka 2009 watafiti wa India walichapisha kwamba kwa D2, saa 36 ndizo zilizofaa zaidi, ukizidisha huongezi kitu.

Najua mtasema: "We naye, kidato cha tatu na martensaiti wapi na wapi? Silabasi yenyewe haiishi." Sawa, msiwafundishe martensaiti. Lakini maswali mawili tu, baridi kiasi gani na chuma gani, yanakosa nafasi ubaoni? Na neno "sijui, ngoja nikaangalie" linahitaji silabasi gani? Tunawaambia watoto sayansi ni kuuliza na kujaribu. Mmoja akauliza, akajaribu, tukamcheka. Kesho nani atanyoosha mkono?

Tukidesa kwenye mtihani tunajidanganya wenyewe. Tukidesa ubaoni tunadanganya watoto arobaini kwa mpigo, na wao wanakwenda kumdanganya mjomba.

Nimemwandikia mwalimu wa darasa lile, nimemwomba amsomee dogo mbele ya wenzake: swali lako lilikuwa zuri, jaribio lako lilikuwa la kweli, jibu langu ndilo lilikuwa bovu.

Naomba kutoa hoja.