Biharusi, Mwani ni Mboga, Si Dawa ya Kukondea



Mwezi uliopita mwari mmoja aliniletea gauni lake la harusi nilipunguze kiuno, mara ya tatu. Nikimpima, mikono inamtetemeka. Kumbe wiki nzima anakunywa jeli ya mwani asubuhi na jioni, basi, hali kitu chengine. Kaona kwenye simu kwamba inakata tumbo.

Mimi ni mtoto wa Shumba, mwani naujua. Tangu kilimo cha biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, wanaouinamia baharini wengi ni wanawake. Tunauanika, tunautia maguniani, unakwenda nje kutolewa karajinani, ile inayotumika kugandishia maziwa na dawa za meno. Mezani kwetu hatuuweki. Kisha unaturudia kwenye simu ukiitwa dawa!

Mwani ni chakula kizuri, na Suratul Maida aya ya 96 imetuhalalishia vya baharini. Lakini kila dayati ina mpaka wake.

Unaacha wanga, hiyo wanayoita keto? Mwani unakufaa. Sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi ambazo tumbo halizisagi, kwa hiyo unashibisha bila ya kunenepesha. Ila hata keto ina samaki, mayai na mafuta. Mwani mtupu si keto, ni njaa.

Huli nyama wala samaki? Utapata madini ya iodini, lakini usiutegemee kwa protini wala vitamini B12. Kunde na choroko zisikose, na B12 kaulize hospitali.

Unapunguza chumvi kwa ajili ya presha? Mwani umetoka baharini, una chumvi. Uroweke kwa maji baridi, uyamwage, urejee tena na tena.

Mwenye maradhi ya tezi ya shingo, na mjamzito, amuone daktari kwanza. Iodini ikipungua inadhuru, na ikizidi inadhuru pia.

Rai yangu ni hii: tuule mwani kama mboga, pembeni ya sahani. Chukua msafi ulioanikwa juu ya chanja, si ule uliotandazwa mchangani. Uroweke, uuchovye maji ya moto kidogo, uukatekate, utie kitunguu, tungule na ndimu. Kula na wali wako wa kiasi na samaki wa kuchoma. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tumbo tuligawe: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Hakutwambia tuliache tupu ili tupendeze kwenye picha.

Na nyinyi masomo mnaowafunda wari, mnawasinga vizuri na udi mnawafukiza. Waulizeni pia wamekula nini leo. Biharusi akianguka siku ya nikaha, aibu si yake peke yake.

Yule mwari nilimpa chai na muhogo wa kuchemsha, akala. Gauni sikulipunguza. Nguo ndiyo inayoshonwa ifuate mwili, mwili haushonwi ufuate nguo. Na mume anayekuja anaoa mtu mzima mwenye afya yake.

Allah atupe siha na ndoa zenye kheri. Amin.