«Kesho», alisema Farao

Wakristu wenzangu, kuna neno moja jema ambalo tumeligeuza kuwa pazia la kufichia wizi. Neno lenyewe ni hili: «Mungu ni mwenye huruma.» Ni neno la kweli. Mimi mwenyewe nalifundisha wakatekumeni kila mwaka. Lakini leo nataka kuwagombeza wale wanaolitumia vibaya, na wa kwanza wa kugombezwa ni mimi.

Sikilizeni. Katika parokia yetu alikufa baba mmoja, akaacha mke na watoto wanne. Hata kilio hakijaondolewa, mdogo wake marehemu alichukua makaratasi ya kiwanja, cherehani, na mabati yaliyokuwa yakingojea kumaliza nyumba. Mjane akarudi kwa kaka yake na watoto nyuma yake. Na huyo mdogo wa marehemu si mpagani, hapana. Ni mwimbaji wa kanisa, na kila Dominika alikomunika.

Mwaka wa kwanza nilimwendea pamoja na mzee mmoja wa shirika letu. Yule baba aliinama, akatazama miguu yake, akasema: «Ni kweli, mwalimu. Nitayatengeneza.» Mwaka wa pili alicheka: «Mwalimu, usiwe na haraka kumpita Mungu. Yeye ni mwenye huruma. Siku moja nitaungama na mambo yataisha.» Mwaka wa tatu alisimama mlangoni, wala hakunipa kiti: «Wewe kijana, nani aliyekutuma kuingia katika mambo ya jamaa yetu?»

Angalieni vema. Kiwanja ni kilekile, mjane ni yuleyule, amri ya saba ni ileile. Kilichogeuka ni moyo. Mwaka wa kwanza ulikuwa na haya, mwaka wa pili ulifanya mchezo, mwaka wa tatu ulikuwa na hasira. Hivyo ndivyo moyo unavyokuwa mgumu. Haugeuki jiwe kwa usiku mmoja.

Kitabu cha Kutoka kinatuonyesha jambo hilohilo kwa Farao. Katika sura ya 8 vyura walijaa Misri yote: nyumbani, kitandani, hata katika tanuru za mikate. Farao aliwaita Musa na Aroni wamwombee kwa Mungu. Musa akamwachia achague mwenyewe wakati wa kuondolewa vyura. Naye akajibu: «Kesho.» Mtu ana vyura kitandani, naye anachagua kulala nao usiku mmoja tena! Tunamcheka. Lakini ni wangapi kati yetu wamelala na chura wao miaka kumi, wakisema kila jioni: kesho nitarudisha, kesho nitapatana na ndugu yangu, kesho nitamwona padri?

Ni nini hasa kilichomfanya Farao kuwa mgumu? Wengi watajibu: ni mapigo. Sivyo. Maandiko yasema kwamba alipoona amepata nafuu, ndipo alipoushupaza moyo wake. Baada ya mvua ya mawe alifanya vilevile. Wakati wa pigo aliomba. Pigo lilipokoma, akasahau. Maana yake, huruma yenyewe ya Mungu ndiyo aliyoichukua kuwa ruhusa ya kuendelea na ubaya. Hii ndiyo hatari yetu, sisi tunaosema sana juu ya huruma. Mwizi asipopigwa na radi, husema: «Mnaona? Mungu hana neno nami.» Kumbe Mungu anamngoja, naye anadhani amesahauliwa.

Mtu atauliza: «Je, haikuandikwa kwamba Mungu ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao? Basi kosa la Farao ni nini?» Swali ni zuri. Kweli, Mungu alimwambia Musa tangu mbele kwamba itakuwa hivyo. Lakini soma mapigo yenyewe kwa utaratibu. Katika mapigo matano ya kwanza, Farao mwenyewe anaushupaza moyo wake, au moyo wake unabaki mgumu. Katika pigo la sita tu, lile la majipu, inaandikwa kwamba Bwana aliufanya kuwa mgumu. Mungu hakutia ubaya ndani ya mtu mwema. Alimwacha Farao awe kile alichokuwa amechagua mara nyingi.

Tunaofyatua matofali tunafahamu. Udongo ukiwa mbichi, hata kidole cha mtoto kinaacha alama. Ukikosea umbo, unaumwagia maji, unaanza tena. Ukiisha kupita tanuruni, tofali halikunjwi tena: labda livunjwe. Ndiyo maana wazee walisema: Udongo uwahi ungali maji.

Basi fundisho la Ekleziya ni nini? Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha katika namba 1864 kwamba huruma ya Mungu haina mpaka, lakini anayekataa kusudi kuipokea kwa majuto anajinyima maondoleo ya dhambi. Na namba 2412 yadai kwamba mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe. Kwa hiyo yule anayesema «nitaungama na mambo yataisha» anajidanganya. Kitubio si sabuni ya kuoshea mikono inayoendelea kushika makaratasi ya mjane. Anayeweza kurudisha naye hataki, huyo hana majuto. Hata sheria ya nchi yetu iko wazi: Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliwaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Desturi ya ukoo haiwezi kuwa kisingizio.

Na Bwana wetu Yezu Kristu je? Katika Injili ya Marko, sura ya 12, aliwaonya wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Alisema hukumu yao itakuwa kali kupita. Hakusema hivyo juu ya wapagani, bali juu ya watu wa viti vya mbele.

Wengine watanijibu: «Mtakatifu Augustino naye alichelewa, na leo ni mtakatifu.» Kweli. Alibatizwa mwaka 387, akiwa na miaka zaidi ya thelathini, baada ya kuomba usafi wa moyo huku akitamani usije upesi. Lakini je, alijisifu kwa «kesho» zake? Aliziandika katika kitabu chake cha Maungamo kwa machozi, kama mgonjwa anayewaonyesha wengine kidonda ili wasiumie kama yeye.

Sasa niwageukie wengine, wale wanaosema juu ya yule baba: «Huyu amekwisha potea. Mungu hana kazi naye.» Ninyi pia mmekosa. Mwenyeheri Anuarite, mtawa wa Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akalinda usafi wake, akamsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenyeheri kule Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, naye alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Ekleziya yote. Ikiwa mlango ulifunguliwa kwa mwenye damu mikononi, nani atamfungia mwenye mabati ya wizi? Anayesema fulani hawezi kuongoka, moyo wake mwenyewe umeanza kukauka.

Lakini kusamehe si kunyamaza, na hapa ndipo ninapojigombeza. Siku ya mavuno yule baba alileta mbuzi mnono kanisani, nasi tukapiga makofi. Mimi nilisoma jina lake mbele ya watu wote. Mjane alikuwa ameketi nyuma. Siku ile tulimsaidia yule baba kuwa mgumu. Hatukumpa huruma. Tulimpa nafuu ya Farao.

Basi tumrudie, wazee pamoja nami, bila matusi na bila kuogopa mbuzi wake. Yeye angali hai, kwa hiyo mlango ungali wazi. Na kila mmoja wetu atazame nyumbani mwake, kama hamna cherehani ya mwingine.

Zakayo alikuwa mwizi kuliko huyu. Yezu alipoingia kwake, alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Yezu hakumwambia angoje. Alisema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile leo.

Farao alisema kesho. Mwana wa Mungu alisema leo. Chagueni.