VIWANGO VYA LAZIMA VISIUZWE KWA ANAYELAZIMISHWA KUVIFUATA



Tumepokea maswali mengi kuhusu kauli tuliyoitoa kwenye kikao kilichopita, hasa kutoka kwa wenye mashine za kusaga na wanaofungasha unga. Wengine wameuliza kama tawi sasa linatetea unga mbovu. Hapana. Tunaomba msome hadi mwisho kabla ya kusambaza kwenye makundi mengine.

Tuanze na mahindi, maana hayo tunayajua. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Hizi si namba za kupamba karatasi. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwemo cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya 10. Waliokuwa na mzigo barabarani siku zile hawahitaji kukumbushwa.

Kwa hiyo hatugombani na kiwango. Kiwango kinaokoa watu na kinauza mahindi yetu. Swali letu ni jepesi: huyu anayeanika mahindi uani, au mama anayefungasha sembe ya kilo mbili, atazijua wapi namba hizo? Maandishi kamili, yaani sampuli ichukuliwe vipi, ipimwe kwa njia ipi, lebo iandikwe nini, yamo kwenye kijitabu cha kurasa chache ambacho kinauzwa. Ukishakinunua, kinakutuma kwenye kingine cha lebo, na kingine cha usafi wa sehemu ya kazi, na kingine cha upimaji. Navyo vinauzwa. Ukimaliza kuvinunua vyote unakuta vimeandikwa kwa Kiingereza, wakati tangu 2021 sheria yetu imeshatamka kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili.

Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza kiwango kuwa cha lazima. Kikishatangazwa, kuuza bidhaa isiyokifikia ni kosa, na mahakamani huwezi kujitetea kwamba hukujua. Basi kiwango hicho kimeshakuwa sehemu ya sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato inauma, lakini angalau unaisoma bure kabla haijakuuma.

Sisi tuliosomea uhasibu tunao mfano wa karibu. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu 2004. Mhasibu wa Tandahimba akitaka kusoma maandishi ya viwango hivyo, anajisajili kwenye tovuti yao na kusoma bila malipo. Codex, yaani viwango vya chakula vya FAO na WHO, navyo viko wazi kwa dunia nzima. Kama cha Roma kinasomwa bure, cha kwetu kinashindwa nini?

Wenzetu wamelifikisha jambo hili mahakamani. Tarehe 5 Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyohusu viwango vya usalama wa vitu vya kuchezea watoto. Ilisema viwango vya namna hiyo ni sehemu ya sheria za Umoja huo, na maslahi ya umma yanataka wananchi waweze kuvisoma. Marekani, mwaka 2023, mahakama ya rufaa ya Washington iliruhusu taasisi isiyo ya kibiashara kuweka mtandaoni viwango vilivyoingizwa kwenye sheria. Waandishi wa viwango walidai biashara yao itakufa. Mahakama haikuona ushahidi wa kutosha wa madai hayo.

Hoja ya fedha tunaiheshimu. Kuandaa kiwango kunagharimu: kamati zinakaa, maabara zinapima. Lakini tuulize mapato ya kuuza vijitabu ni sehemu gani ya mapato yote ya Shirika la Viwango, na yakipungua pengo ni kubwa kiasi gani. Tunataka mbunge wetu aulize hivyo hivyo bungeni, kwa takwimu. Upande wa pili wa daftari kuna shehena zinazorudishwa mpakani, unga unaoteketezwa, na dawa za hospitali. Serikali tayari imekubali mantiki hii kwa wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO, ambao kwa kipindi cha mwanzo hawatozwi ada ya alama ya ubora. Tunaipongeza. Ila ni ajabu kumsamehe mtu ada ya mtihani halafu ukamuuzia mtaala.

Kuna mipaka. Viwango vya ISO vina mwenyewe Geneva, na nchi yetu ikiwa mwanachama ina masharti ya kuheshimu. Hatuombi vyote. Tunaomba vile vilivyoandikwa na wataalamu wetu, vya Tanzania na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vilivyotangazwa kuwa vya lazima, na tuanze na vya chakula. Mjumbe mmoja wa kamati anaona inatosha watu wavisome tu bila kupakua, nakala za karatasi ziendelee kuuzwa. Tumekubaliana kwamba hata hilo litakuwa hatua.

Azimio linapelekwa kata wiki ijayo, kisha wilaya. Mheshimiwa diwani ameombwa nakala za viwango vya unga, mahindi na mafuta ya alizeti ziwekwe ofisi ya biashara ya halmashauri, asomaye asome.

Mwenye stakabadhi ya kununua kiwango chochote, au barua ya kukataliwa mzigo, ailete ofisi ya tawi Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri. Tutatoa kivuli na kumrudishia yake hapo hapo. Majina hayatatajwa kwenye azimio.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji