Mambo ya Afya: Mgongo Uliokakamaa Uamshwe Kabla ya Mvua



Mwalimu mmoja wa hapa Miyuji ametuletea swali, na kwa kuwa twajua si lake peke yake, twalijibu mbele ya wote. Asema hivi: "Tangu mavuno yalipokwisha nimekuwa mtu wa kiti. Mchana nakaa shuleni, jioni nasahihisha madaftari. Sasa kiuno kimekuwa kigumu, hata asubuhi kufunga viatu ni kazi. Mwezi huu ni Oktoba, mvua zi karibu, na shamba laningoja. Je, nipumzike mpaka maumivu yaishe, au nianze mazoezi?"

Swali hili si dogo kwetu watu wa Ugogo. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza yapata mwisho wa Novemba au Desemba, nao hukoma Aprili. Asiyepanda mtama na uwele wake wakati ule hana msimu wa pili wa kujaribu tena. Basi mgongo wa baba na mgongo wa mama ndio ghala la nyumba.

Nami naweza kujibu kwa yaliyonipata mwenyewe. Mwaka mmoja nalikaa vivyo hivyo, miezi mitano bila kushika jembe. Mvua ya kwanza iliponyesha nalifurahi, nikaenda shambani alfajiri, nikalima bila kupumzika hata jua likawa la utosi. Kesho yake sikuweza kuinuka kitandani. Nikasema moyoni, "Nitalala mpaka nipone." Nikalala siku tano. Siku zile tano mke wangu alichota maji peke yake, akalima peke yake, na sehemu ya shamba ikabaki bila mbegu.

Siku ya sita alikuja shangazi yangu, mama mzee aliyekulia mazizini. Akasimama mlangoni akanitazama, kisha akasema, "Mwanangu, ng'ombe aliyelegea kwa kiangazi akilala chini, twafanyaje?" Nikamjibu, "Twamwinua, shangazi." Akasema, "Naam, twamwinua, maana akiachwa alale hatasimama tena. Lakini je, akisha kusimama twampiga fimbo akimbie?" Nikasema, "La." Akasema, "Basi inuka, utembee mpaka kwenye mbuyu ule, urudi. Leo si zaidi."

Wapenzi, maneno ya mama yule yana elimu nyingi ndani yake. Mimi nalikosa mara mbili: kwanza kwa haraka, nilipoutaka mgongo uliolala miezi mitano ufanye kazi ya siku nzima, kisha kwa uvivu wenye jina la pumziko, nilipouacha ulale tena.

Zamani matabibu wengi nao walimwamuru mgonjwa wa mgongo alale siku nyingi. Siku hizi wamegeuza shauri, na sababu iko. Mwaka 1995 waganga wa Finland walichapisha habari za watumishi 186 wa mji wa Helsinki walioshikwa na maumivu ya kiuno. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya mgongo, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kila siku kadiri wawezavyo. Waliopona upesi kuliko wote ni wale walioendelea na shughuli; waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala. Tena mwaka 2024 ilitoka habari ya Australia, ya watu 701 ambao maumivu yao yalikuwa yameondoka karibuni. Walioongozwa kutembea kwa miguu, wakiongeza kidogo kidogo hata kufika nusu saa, mara tatu mpaka tano kwa juma, walikaa yapata siku 208 kabla ya kurudiwa na maumivu. Wasioongozwa walikaa siku 112 tu.

Kwa nini iwe hivyo? Kiunoni mna pingili tano kubwa za uti wa mgongo, na kati ya pingili na pingili mna gegedu laini kama mto mdogo. Gegedu hilo halina mishipa ya damu ya kulitosha. Hupata chakula chake kwa majimaji yanayoingia na kutoka mwili unapojongea. Nayo misuli ishikayo uti huo hudhoofika isipotumiwa. Hivyo mtu akaaye sana hukakamaa, akikakamaa huogopa kujongea, na akiogopa hukakamaa zaidi. Mara nyingi maumivu ya mgongo uliokakamaa si dalili ya kwamba kitu kimevunjika. Ni malalamiko ya kiungo kilichosahauliwa.

Sasa twamjibu mwalimu wetu. Asingoje maumivu yaishe, wala asianze kwa jembe. Afanye hivi.

Kwanza, asubuhi asikimbilie kuinama. Usiku yale magegedu hunyonya maji yakavimba kidogo, na kiuno huwa kigumu kuliko wakati mwingine wote. Atembeetembee uani kama nusu saa kwanza, ndipo ainame.

Pili, atandike mkeka, alale chali, akunje magoti, nyayo zikae chini. Ayalaze magoti polepole upande huu na upande huu, mara kumi. Kisha avute goti moja kifuani, ahesabu mpaka kumi, aliachie, avute la pili. Kisha ainue makalio kidogo kutoka mkekani, ayashushe, mara tano. Mwisho asimame kwa magoti na mikono kama ng'ombe, autunishe mgongo juu, kisha auachie ubonyee, mara kumi. Haya yote hayapiti dakika kumi, wala hayahitaji chombo cha kununua.

Tatu, atembee kila siku. Juma la kwanza dakika kumi kwenye njia ya tambarare, asipande vilima vyetu vya mawe. Kila juma aongeze dakika tano. Juma la tano atafika nusu saa, na hapo mvua bado haijaanza.

Nne, juma hilo la tano ashike jembe, dakika kumi tu, asafishe shamba. Apumzike kwa kusimama wima, kisha dakika kumi nyingine. Akunje magoti, asogeze miguu karibu na kazi, wala asizungushe kiuno huku ameinama. Na mama achotaye maji akumbuke kwamba ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mgongo ukiwa mgumu, ni heri safari mbili za lita kumi, au kijana wa nyumba amsaidie.

Atajuaje kama amezidisha? Asihukumu kwa maumivu ya saa ile tu, maana misuli iliyolala huuma kidogo ikiamshwa. Atazame kesho yake. Uchungu ukiwa umepungua, aendelee. Ukiwa umezidi, arudi kwenye kipimo cha juma lililopita, lakini asiache kabisa. Wala asitegemee kujifunga kiuno kwa kanga au mkanda siku zote. Shirika la Afya Duniani, katika shauri lake la mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, limesifu mazoezi, wala halikuikubali mikanda kuwa tiba ya kawaida.

Lakini sikilizeni neno hili vizuri: yako maumivu ya mgongo yasiyofaa kutibiwa mkekani. Mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka, au akifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikilegea, aende hospitali siku ile ile, wala asingoje kesho. Akiwa na homa, au jasho la usiku, au akikonda bila sababu, au uchungu ukimwamsha usiku bila kukoma, naye aende upesi. Yamkini ni kifua kikuu, ambacho hushika hata uti wa mgongo, nacho kina dawa. Vivyo hivyo aliyeanguka, na aliyepata kuugua saratani. Na yeye ambaye majuma sita yamepita bila nafuu, amwone tabibu wa viungo, amwonyeshe mazoezi yamfaayo.

Mimi mwenyewe mwaka uliofuata nalianza Oktoba, kwa dakika kumi mpaka kwenye mbuyu ule. Jirani walinicheka, wakasema, "Mwalimu anatembea bila kwenda mahali." Mvua ilipokuja nililima saa mbili kila asubuhi, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu, na shamba lote likapandwa kwa wakati wake.

Ndugu mwalimu, mbuyu haukosekani hapa Miyuji. Chagua mmoja ulio karibu, uanze kesho.

Wasalaam.