Mkanda Si Adui wa Stara

Wapo wasemao mwanamke wa Kiislamu asivae mkanda kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) aliupasua mkanda wake kufungia chakula cha safari ya Hijra, mwaka 622, akaitwa Dhaatun-Nitaqayn, mwenye mikanda miwili.

Kibaya ni kubana mpaka umbo lichoreke. Dada zetu wa Vwawa, ambako Juni na Julai baridi ni kali, koti refu lifungeni mkanda kwa kulegeza, mtandio ushuke chini ya kifua.

Na wewe bibi harusi, ule mkanda unaong'aa, wa kubana kiuno, usiutupe. Mvalie mumeo nyumbani. Yeye ndiye mwenye haki nao.